Kurasa za Siku Nilizolala

Mwanangu alizaliwa Jumanne, na mimi nikaja kumwona siku ya thelathini na tatu. Siku za katikati sikuwepo. Watu husema nilikuwa nimelala, nami nimeshazoea kusema hivyo hivyo kwa sababu ni neno jepesi, ingawa usingizi wa kupumulia mashine si usingizi wa kumtakia mtu.

Nilianguka kazini. Mimi ni mtengeneza kadi za harusi na albamu za mahafali katika duka la uchapaji, duka la chumba kimoja lenye mashine mbili kubwa na feni inayopiga kelele kuzishinda zote mbili. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Asubuhi ile kichwa kiliniuma tangu naamka, na nilipokuwa nasogeza ua kwenye kona ya kadi ya watu, ua likawa mawili, mara yakawa manne. Bosi anasema nilimgeukia nikamuuliza, "Bosi, nani kazidisha maua?" halafu nikaenda chini na kiti. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda hadi likanitia kifafa cha mimba. Walinipasua, wakamtoa mtoto wa kike wa kilo mbili kasoro, na mimi nikakimbizwa chumba cha mahututi. Huko figo ziligoma, mapafu nayo yakaona yasibaki nyuma.

Siku ya ishirini na sita nikafumbua macho. Wiki moja baadaye, nikiwa nimehamishiwa wodi ya kawaida, mtoto akaletwa. Aliyemleta ni wifi yangu.

Hapa lazima nimweleze wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu, na ni mlinzi kwenye lango la kiwanda cha sabuni. Mtaa mzima unamwita Afande. Mume wangu aliponipeleka kwao mara ya kwanza, aliyenifungulia mlango ni yeye, akasimama pale katikati na kuniuliza natoka wapi, nimekuja kwa nani na nitakaa hadi saa ngapi. Kilichobaki ni kunipekua mkoba tu. Tangu hapo hatukupikika chungu kimoja. Hatukugombana kwa maneno, la. Tulikuwa tunaamkiana vizuri na kuulizana habari za kazi, basi, kila mmoja anashika njia yake.

Siku ile akaingia wodini amembeba mtoto kifuani kama mtu aliyezaliwa naye. Akaniwekea mikononi. Mtoto akanitazama, akakunja uso, akapiga yowe hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. Wifi akamchukua, akampigapiga mgongoni mara mbili. Kimya.

"Hajakuzoea tu, wifi," akaniambia.

Alisema kwa nia njema, nilijua. Nikageuza uso ukutani.

Nilirudi nyumbani siku ya arobaini na moja, nikitembea kwa kushika kuta. Nyumba ilikuwa yangu ila mpangilio ulikuwa wa Afande. Alikuwa amechukua likizo zake zote alizolimbikiza, akahamia sebuleni kwetu, analala kwenye kochi na kitanda cha mtoto kando yake. Chupa zilipangwa dirishani kwa mstari, zimeangalia upande mmoja. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu, alikuwa anatoka asubuhi na kurudi jioni, akipita kati yetu kwa adabu.

Vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka. Kufunga kifungo kimoja cha nguo ya mtoto kulinichukua muda ambao wifi angekuwa ameshamwogesha. Naye mtoto alikuwa haniamini. Nikimshika, analia. Wifi akimshika, ananyamaza. Mchana mmoja wa Jumapili nikamwambia mume wangu tukiwa chumbani, "Huyu mtoto ni wa dada yako. Mimi nimekuja kutembea tu."

Jikoni, ambako sufuria zilikuwa zinaoshwa kwa kelele, pakawa kimya ghafla. Nikajua nimesikika.

Siku ya pili yake bosi wangu akaja kuniona. Alikuja na laptopu ya dukani, ile yenye programu yetu ya kutengenezea kurasa za albamu.

"Mtaalamu wa mazoezi kamwambia mumeo vidole vyako vipewe kazi ndogondogo," akasema. "Sasa mimi nina kazi gani ndogo kuliko hii? Chezea unavyotaka. Ukiharibu, kuna kitufe cha kutengua."

Alipoondoka nikaifungua mezani. Ukurasa mweupe ukatokea. Nikakaa nao nikiutazama, kwa sababu sikuwa na cha kuweka. Albamu ya mtoto huanza na siku ya kuzaliwa, nami ya mwanangu sikuiona.

Wifi akatoka jikoni akijifuta mikono. Akaweka mbele yangu daftari kubwa la jalada gumu, kama yale ya pale langoni kwao, na juu yake akaweka simu yake.

"Uliyosema jana niliyasikia," akasema. "Siku zako ziko humu. Nilikuwa nakutunzia."

Nikafungua daftari. Nilichokisoma kilinifanya nicheke hadi kidonda cha upasuaji kikaniuma.

"Siku ya 3. Saa 2:10 asubuhi. Mtoto amepewa maziwa kwa kijiko. Ametema. Saa 2:25 amepewa tena. Amekubali. Hali shwari.

Siku ya 6. Saa 7:00 mchana. Tumeruhusiwa kutoka wodi ya watoto njiti. Uzito kilo mbili kamili. Baba wa mtoto amelia mbele ya watu. Ametulizwa.

Siku ya 9. Saa 11:30 jioni. Mtoto amepiga chafya mbili mfululizo. Hakuna wa kushukiwa. Hali shwari."

"Wifi," nikasema, "hii ni taarifa ya lindo."

"Sasa ulitaka niandike mashairi? Mimi najua kuandika hivyo."

Kwenye simu kulikuwa na picha zaidi ya mia sita. Nyingi zilikuwa na ukungu, na karibu nusu zilikuwa na kidole gumba cha wifi kimechungulia pembeni. Ila zilikuwepo, za kila siku.

Tukaanza siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na ufundi bila kumbukumbu, yeye alikuwa na kumbukumbu lakini kompyuta aliijua kwa kupita mbele yake tu. Nikamwonyesha jinsi ya kuchagua karatasi ya chini, jinsi ya kuburuta picha na kuiacha mahali, jinsi ya kuiwekea kivuli ionekane kama imebandikwa kweli. Nikaweka mshono wa uzi mwekundu kuzunguka picha ya siku ya kwanza. Wifi akasogeza uso, akaukwaruza kwa ukucha.

"Huu uzi umeshonwa na nani?"

"Haujashonwa. Ni picha ya uzi."

"Na kifungo hiki?"

"Picha ya kifungo."

Akakaa kitini vizuri. "Yaani watu wazima mnakaa ofisini mnashona nguo ambazo hazipo. Na mnalipwa!"

Tulikuwa tunafanya ukurasa mmoja kwa siku, mara nyingine miwili, saa za asubuhi mtoto akiwa amelala kati yetu kwenye mto. Kipanya kilinitoroka sana mwanzoni. Nalenga kona ya picha, mkono unakwenda kona nyingine. Wifi hakunisaidia kushika hata mara moja. Anasubiri tu, na wakati ninahangaika ananisimulia. Picha hii ni siku kitovu kilipodondoka. Hii ni siku ya kwanza kutoka nje, amefunikwa hadi jirani akauliza kama ni mkate. Hapa alikuwa amenunia maziwa, "na akinuna, wifi, ni wewe mtupu, ule mdomo ulioniletea siku ile ya kwanza mlangoni."

"Kwani nilinuna?"

"Hukununa? Nilikuuliza maswali matatu tu, ukaufunga mdomo kama bahasha."

"Ulinihoji kama mwizi!"

"Nilikuwa naogopa," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Mdogo wangu alikuwa hajawahi kuleta mtu. Nikajua huyu ndiye anayemchukua."

Nikaikuza picha kidogo, nikairudisha.

Kadiri kurasa zilivyoongezeka, kitu kilikuwa kinatengemaa ndani yangu. Nilianza kumjua mtoto kwa historia yake. Akinyoosha mguu wa kushoto, nilijua ameanza hivyo tangu siku ya kumi na moja. Akikohoa kikohozi chake cha uongo cha kutaka kubebwa, nilijua kiliingia siku ya ishirini na mbili. Nikimshika alikuwa bado analia, ila nilikuwa sikimbilii tena kumrudisha kwa mtu.

Ndipo tukafika siku ya kumi na saba.

Daftari lilikuwa na mistari miwili tu. "Saa 4:05 asubuhi. Tumetoka nyumbani mimi na mtoto. Saa 9:40 alasiri. Tumerudi." Hakukuwa na maziwa wala usingizi. Ile hali shwari yake nayo haikuwepo. Nikatafuta kwenye simu: picha za siku ya kumi na sita zilikuwa kumi na mbili, za siku ya kumi na nane zilikuwa tisa, za siku hiyo hakuna hata ya kidole.

"Mlikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kliniki."

"Kadi ya kliniki haina tarehe hiyo."

"Basi simu haikuwa na chaji. Twende mbele, wifi. Siku ya kumi na nane ana picha nzuri ya kofia."

Tukaenda mbele. Tukamaliza siku zote arobaini na moja, isipokuwa hiyo. Nikamuuliza mume wangu wakati anakula. Akaacha kula.

"Muulize dada," akasema. "Mimi nilikuwepo, lakini wa kusema ni yeye."

Asubuhi iliyofuata sikufungua laptopu. Nikaketi mezani, mikono imetulia, nikamngoja. Wifi akanawa chupa zote, akazifuta, akazipanga, akazipanga upya. Mwisho akaja akakaa.

"Siku ile walituita," akasema. "Daktari alitutoa nje hadi kwenye korido akatuambia tusiwe na matumaini makubwa, na kama kuna ndugu wa kukuona, aje. Mumeo akakaa chini, pale pale sakafuni, na nguo zake za kazi. Mimi nikarudi huku nikamchukua mtoto kwa jirani."

"Watoto hawaruhusiwi mle ndani."

"Hawaruhusiwi. Mimi ni mlinzi, wifi, miaka kumi na tisa nazuia watu wasioruhusiwa. Nilijua kabisa ninachofanya. Nikamkuta sista mmoja mwenye miwani yuko zamu. Nikamwambia, huyu hajawahi kumwona mama yake. Akanitazama, akatazama saa. Akaniambia ana kazi ya kujaza majalada chumba cha pili, na atakaporudi asinikute. Kisha badala ya kwenda, akanisaidia kusogeza mirija yako, akamlaza mtoto hapa." Akajigusa chini ya shingo. "Akachukua mkono wako akauweka juu ya mgongo wake. Ndipo akaenda kwenye majalada."

Nikaweka mkono hapo hapo, chini ya shingo yangu.

"Nikafanya nini?"

"Wewe? Hukufanya lolote. Sitakudanganya. Macho yamefungwa, mashine inasukuma, juu, chini. Lakini mtoto... wifi, mtoto yule alikuwa hajalala zaidi ya nusu saa tangu atoke hospitali. Nimeandika humo. Alilala pale saa nzima na kitu. Anapanda na kushuka na kifua chako. Sista alikuja mara mbili akachungulia, akarudi."

Nikadhani amemaliza.

"Sikuandika kwa sababu nilimwahidi sista. Hilo ni moja. La pili..." Akaangalia mikono yake. "Nilimpeleka aage. Ndiyo nia niliyokwenda nayo. Nilimwambia mtoto sikioni, muage mama. Njiani tunarudi nilikuwa nishapanga kila kitu, atalala wapi, shule atakwenda ipi, ataniita nani. Wewe uko hai mle ndani, mimi nishakufukia. Ningeiandikaje hiyo? Na wewe umerudi, unaniona kila siku, unasema mtoto ni wangu. Nilitaka ardhi inimeze."

Sijui nilinyanyukaje, kwa maana siku hizo kunyanyuka kulikuwa ni shughuli. Nilijikuta nimemkumbatia Afande, kichwa chake tumboni kwangu, na kidonda changu kinauma na sijali. Nililia kama mtoto, yeye alilia kama mlinzi, bila sauti.

Hakujua alichonipa. Nilikuwa nimehesabu siku thelathini na tatu ambazo mwanangu hakuguswa na mama yake. Kumbe sivyo. Kumbe siku ya kumi na saba alilala kifuani kwangu, na mkono wangu ukiwa mgongoni kwake. Hata kama ulibebwa na mtu mwingine ukawekwa pale, ulikuwa mkono wangu.

"Tutaweka picha gani?" akauliza baadaye, akipenga kamasi. "Haipo."

"Hatuweki picha. Sema, mimi naandika."

Nikachagua karatasi ya kijani hafifu, rangi ya mashuka ya mle ndani aliyonieleza. Sikuweka uzi, wala ua, wala kivuli. Wifi alianza, "Saa tano na dakika kumi, tumeingia," akasita, akasema, "Futa." Akaanza upya, polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akimwambia mtoto moja kwa moja: ulivaa fulana ya njano, mama yako alikuwa na joto, ulilala. Niliandika kila neno alivyolitamka. Nilipomaliza nikaweka chini kabisa neno "Asante, Shangazi" kwa yale maandishi ya kujikunja ninayotumia kwenye kadi za harusi.

Akalisoma. "Toa hilo."

"Kwa nini?"

"Hilo la kadi. Halinihusu."

Nikalitoa.

Bosi alichapa albamu kwa mkono wake mwenyewe, nakala tatu. Aliniambia aliposoma ukurasa wa kijani alizima mashine akatoka nje kidogo, kwa sababu, eti, vumbi la karatasi siku hiyo lilikuwa baya. Nakala moja ikawa yetu, moja ya wifi, na ya tatu tukaipeleka wodini kwa wauguzi. Hiyo ya tatu ilikuwa na siku arobaini tu. Hatukutaka mtu apoteze kazi kwa wema wake.

Tulikwenda asubuhi, mimi, wifi na mtoto. Sista mwenye miwani alikuja kwenye korido, mwanamke mfupi, mwepesi wa hatua, ambaye nilikuwa simkumbuki hata kidogo, ingawa alikuwa amenigeuza kitandani mara nyingi kuliko mama yangu mzazi. Akafunua kurasa akicheka na taarifa za lindo. Akafika siku ya kumi na sita. Akafunua. Siku ya kumi na nane. Akarudi nyuma, akafunua tena, kisha akamtazama wifi juu ya miwani.

"Kuna ukurasa haupo."

"Upo nyumbani, sista," wifi akajibu. "Umefungiwa."

Nikamshika sista mkono. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, yote ikapotea. "Sista, asante kwa saa ile."

"Sijui unazungumzia nini," akasema, naye amenibana mkono hadi vidole vikauma. Akambusu mtoto kichwani, akarudi kwa wagonjwa wake.

Tukakaa kwenye benchi la korido kumlisha mtoto kabla ya kuondoka. Likizo ya wifi ilikuwa inaisha. Jumatatu angerudi langoni. Watu walikuwa wanapita na mafaili na maua ya plastiki. Nikaona nisipolisema pale, litanikwama tena mwaka mzima.

"Wifi," nikasema, "asante."

"Ya nini?"

"Ya siku zote."

Akakohoa. Akavuta blauzi yake ikae sawa, kama anayesubiri kukaguliwa.

"Na mimi asante," akasema. "Ulirudi. Wanangu wameshaota ndevu, mimi na nepi tuliagana zamani. Ungeniachia huyu ningemlea, na ningemlea vizuri, lakini kila akinuna ningekuona wewe. Ningeishi vipi?"

Tukacheka hadi mfagiaji akatusogelea kuona kuna nini.

Jumatatu alirudi kazini. Mtoto alilia asubuhi nzima, nami nikalia naye kidogo, kisha tukachoka wote wawili. Mume wangu aliporudi saa kumi alitukuta dirishani, tumekaa tunatazama gari la taka likihangaika kugeuza kwenye kona, na hakuna kati yetu aliyekuwa na shida na mtu.